Sarafu na medali za zamani: kabla hujatuma hela, omba picha ya ukingo

Ukikuta rupia ya Mjerumani imepigwa picha juu ya kitambaa cheusi, inang'aa, na chini imeandikwa "bei njoo inbox", tulia kwanza. Nanunua sarafu na medali za zamani hapa Dodoma, nyingi kwa njia ya simu, kutoka kwa watu wa Kondoa, Singida, Tabora na Dar. Picha inayonitia wasiwasi ni ile nzuri. Kijana wa Mpwapwa anayetuma picha yenye ukungu, sarafu ipo kiganjani na kucha zina udongo, mara nyingi hana la kuficha, hajui tu kupiga picha. Mwenye taa mbili na kitambaa cheusi anajua anachofanya, na anajua pia ni upande gani asiupige.

Tuanze na rupia yenyewe, maana ndiyo inayouzwa sana huku kwetu. Rupia za fedha za Afrika Mashariki ya Kijerumani zina tarehe za kuanzia 1890 hadi 1914. Upande mmoja yupo Kaiser Wilhelm wa Pili, mfalme wa Ujerumani, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Sarafu ikipita mikononi mwa watu miaka na miaka, vinavyotangulia kulika ni vile vilivyoinuka: tai, masharubu, nakshi za kofia. Sasa simu za siku hizi zina tabia ya kunoa picha zenyewe bila kuambiwa, na tai aliyelika anarudishiwa manyoya ambayo hana. Flashi nayo ikipigwa kutoka mbele inameza mikwaruzo yote, uso mzima unabaki mweupe.

Kwa hiyo mimi huomba picha ipigwe karibu na dirisha, asubuhi, flashi ikiwa imezimwa, mwanga uingie kutoka ubavuni. Video fupi ni bora zaidi. Mwambie muuzaji aigeuzegeuze sarafu taratibu. Sarafu ambayo haijalika wala haijawahi kusuguliwa, mng'ao wake unazunguka kama spoku za baiskeli. Iliyosuguliwa inang'aa yote kwa pamoja halafu inazima yote kwa pamoja. Na zinasuguliwa kweli! Mtu anaokota sarafu ya babu yake, anaipiga Brasso mpaka inameremeta, akidhani ameipandisha bei. Ameishusha. Kama nawe unauza, usisafishe chochote, hata kwa ndimu.

Ila sehemu inayofichwa kuliko zote ni ukingo. Kila mtu anakutumia kichwa na mgongo, ukingo hakuna anayeupiga. Mwaka jana kuna rupia ililetwa kwangu kwa picha mbili safi kabisa. Nikaandika: "Kaka, nipigie ukingo, uzungushe wote."

"Boss hiyo ni OG, mali ya bibi. Tuma hela na ya kutolea, kesho inapanda basi."

"Sina shaka na bibi. Nipigie ukingo."

Ilikuja jioni. Juu kabisa, usawa wa tai, meno ya ukingo yalikuwa yamezibwa kwa kama milimita tatu, na hapo rangi ilikuwa ya kijivu kilichofifia, tofauti na sarafu nzima. Ilikuwa lehemu ya sonara. Hiyo rupia iliwahi kutiwa kikonyo ikavaliwa shingoni, kisha kikonyo kikakatwa na pakapigwa tupa. Haikuwa feki hata kidogo, lakini sarafu iliyolehemiwa haiwezi kuuzwa bei moja na isiyoguswa. Nilimweleza hivyo, tukakubaliana bei nyingine, nikaichukua. Bibi alikuwa nayo kweli, na aliivaa.

Ukingo ndio pia unaofichua sarafu za kumimina. Sarafu halali ya kiwandani hugongwa kwa mhuri. Ya kumimina kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari mwembamba unaozunguka ukingo mahali nusu mbili za kalibu zilipokutana, na vishimo vidogo vya hewa usoni. Kwenye picha ya kichwa vishimo hivyo unaweza kuambiwa ni uzee.

Baada ya ukingo, uzito. Rupia moja ina gramu 11.66, na fedha ndani yake ni asilimia 91.7. Iliyolika itapungua kidogo, lakini ukiambiwa gramu 9, au 13, achana nayo. Picha ya mzani peke yake haitoshi. Omba video inayoanza mzani ukiwa sifuri, ndipo sarafu iwekwe.

Ukishaishika mkononi, kuna kipimo cha maji ambacho sonara yeyote mwenye mzani mzuri anaweza kukusaidia. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, urudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame yote bila kugusa kikombe. Rupia halali itasomeka gramu 1.13 hivi. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itakwenda 1.3. Tofauti ni ndogo, lakini kamera haiwezi kukuonyesha kitu kama hicho.

Wa kanda ya kati tuna jaribu letu jingine: sarafu za Tabora za 1916. Vita ilipowabana Wajerumani, waligonga sarafu zao wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli, senti zao za heller 5 na 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, Iramba, na ndiyo maana Singida kila kijiji utasikia fulani anayo. Heller 20 zipo za shaba nyekundu na zipo za shaba ya njano, na picha ya jioni chini ya taa ya njano inazifanya zote moja. Muuzaji aiweke juu ya karatasi nyeupe mchana. Herufi zilizogongwa vibaya zisikutishe, sarafu hizi zilitengenezwa kwa shida na zinatofautiana sana. Kwa ile ya tembo, uzito ni gramu 7.17 hivi. Nakala ya shaba ya njano yenye ukubwa na unene uleule haifiki gramu tano, hata ikipakwa dhahabu vipi.

Na jamani, achaneni na uvumi, rupia haina zebaki. Anayekupigia simu kuuliza kama yako "inavuta" kwa hiyo zebaki si mkusanyaji wa sarafu.

Shilingi za simba za wakati wa Mwingereza nazo huuzwa kama "fedha tupu". Za hadi 1946 ni robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Hapo angalia mwaka, na mwaka uliofunikwa na kidole kwenye picha si bahati mbaya.

Medali zina ujanja wake. Ile ya Uingereza ya vita ya 1914 hadi 1920, yenye mtu uchi juu ya farasi, ina upana wa milimita 36, na kwenye ukingo huandikwa namba, cheo, jina na kikosi cha aliyepewa. Kwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki, jina hilo ndilo thamani. Kuna wanaolifuta kwa tupa na kuandika jingine linalouzika zaidi. Kutoka mbele huoni kitu, lakini ukipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, utakuta upana umepungua, au sehemu moja ni bapa. Nyota za vita ya pili, zile za ncha sita, nyingi zilitolewa bila jina, kwa hiyo hadithi ya "hii ni ya babu aliyepigana Burma" bila karatasi wala picha yake isikuongezee hata shilingi moja kwenye bei. Utepe mpya si kosa, tepe huoza.

Kabla ya kulipa, mwambie apige picha sarafu ikiwa pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako, kwa sababu wengi huokota picha mtandaoni. Halafu hifadhi picha zote kwenye simu. Mzigo ukifika stendi ya Nanenane, fungua palepale ulinganishe mikwaruzo: kila sarafu ya zamani ina kovu lake, na kama lile la shavuni mwa Kaiser halipo, umetumiwa nyingine. Mimi hulipa nusu kabla na nusu baada ya kulinganisha. Wauzaji wengi wanakubali, na anayekataa namtakia biashara njema.