Mume Wangu Anahesabu Vitunguu

*Somo, shikamoo. Naishi Likoni, nina watoto wawili na ndoa ya miaka 13. Mume wangu ni mtunza stoo katika hoteli moja ya Diani. Kabla ya korona alikuwa amepanga chumba Ukunda na wenzake, nyumbani anakuja siku yake ya ofu, anakula, analala, anarudi. Tuliishi vizuri. Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2020 hoteli ilifungwa kwa korona, wakaambiwa wangoje mpaka waitwe, na mshahara hakuna. Sasa tunakula kwa mahamri na mbaazi ninazouza mlangoni.*

*Shida ni kwamba mume wangu amehamia jikoni. Anauliza kwa nini nimekata vitunguu vitatu na si viwili. Anafunua vyungu. Juzi nimetia tui zito kwenye mbaazi, nimegeuka tu kumhudumia mteja, yeye akafunika chungu na kuzidisha moto, eti ziwahi kuiva. Tui likakatika, chungu kizima kikaharibika. Nikamwambia mbele ya watoto: kama huna kazi, nenda ukalale. Tangu siku hiyo hasemi nami ila kwa kumtuma mtoto. Na usiku, tangu mwezi wa nne, kila mtu na upande wake. Hanipigi wala hanitukani. Lakini nimechoka, nalitaka jiko langu. Nifanyeje?*

*Mchovu wa Likoni*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mbaazi. Naanza na mbaazi kwa sababu najua wako watakaosoma barua yako wacheke. Aliyewahi kuamka saa kumi alfajiri kukuna nazi hacheki. Tui likikatika, mtaji wa kesho umekwenda nalo. Tui zito hutiwa mwisho, moto umepunguzwa, chungu kiko wazi, na upawa haupumziki mpaka litokote. Mumeo hakuyajua hayo, na angeyajulia wapi? Miaka yote hiyo amekuwa akizikuta mbaazi kwenye bakuli.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka mimi. Mtunza stoo! Mwanangu, huyo hakuchokozi. Huyo yuko kazini. Mtu aliyezoea kupima magunia kila asubuhi, kuandika kilichotoka na kilichobaki, na kumuuliza mpishi mbona leo ameomba zaidi ya jana, sasa amefungiwa katika nyumba yenye kikapu kimoja cha vitunguu. Ahesabu nini tena?

Na tazama alivyofungiwa. Mwanamume wa kwetu, nyumbani ana kitanda na sahani. Maisha yake yako nje, kazini, msikitini na barazani. Hoteli imefungwa. Misikiti imefungwa tangu mwezi huohuo wa tatu, Ramadhani nzima watu wameswali tarawehe sebuleni. Baraza limevunjika, kwani siku hizi watu wanne wakikusanyika kwenye kahawa wanatazama barabara, kwa kuhofia polisi, kuliko vikombe. Tangu tarehe 8 Aprili 2020 Mombasa haiingiwi wala haitokwi, kwa hiyo hata akitaka kwenda Kwale kulitazama tu geti la hoteli yake, kwenye kizuizi cha polisi atarudishwa. Kafyu nayo sasa inaanza saa tatu usiku badala ya saa moja. Afadhali, lakini mtu asiye na pa kwenda, hizo saa mbili za nyongeza azifanyie nini? Pahali palipobaki ni nyumba tu, na nyumba hiyo, kusema kweli, ni yako. Wewe ndiye uliyeishi humo. Yeye alikuwa akipita.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wako amekaa miezi mitatu na jembe hujampa. Umempa "nenda ukalale".

Neno hilo itabidi uliombee radhi, hata kama mbaazi zilikuwa zako. Usiombe radhi jikoni, wala kwa kumtuma mtoto. Pika kahawa, tia tangawizi, mpelekee mwenyewe watoto wakiwa nje, ukae. Mwambie lile neno nimekosea, na kulisema mbele ya wanao nimekosea zaidi. Kisha nyamaza. Ulimi utakuwasha kuongeza "lakini na wewe", najua. Umeze. Mbaazi zina siku yake.

Siku yake iwe baada ya siku mbili tatu, na hapo ndipo umpe jembe. Jembe lenyewe ni daftari. Mwambie hivi: "Mimi kuuza najua, lakini sijui napata nini." Nami naapa hujui, kwa sababu katika wauza mahamri niliowafahamu sikumpata hata mmoja anayejua hamri moja la shilingi 10 limekula ngapi za unga, sukari, nazi, mafuta, iliki na makaa. Mumeo atalijua hilo kwa wiki moja. Ununuzi pia mwachie. Avae barakoa, avuke feri mpaka Kongowea, abishane na wenye magunia. Wewe ukienda wanakupunja, yeye mizani ndiyo kazi yake. Na usiseme anakusaidia. Anayesaidia huweka kitu chini akichoka. Sema stoo ni yake.

Ila mipaka iwekwe siku hiyohiyo. Daftari mpe, namba ya siri ya simu usimpe. Chumo la mke ni mali ya mke, hilo hata katika dini liko wazi, na unachokitoa kulisha nyumba ni hisani yako, asije akazoea kukiita mshahara wake. Tangu kutuma pesa hadi shilingi 1,000 kulipofanywa bure kwa muda mwezi wa tatu 2020, nadhani nusu ya wateja wako wanalipa kwa simu. Jioni kaeni pamoja, wewe umsomee zile jumbe, yeye aandike. Na kizingiti cha jiko ndicho mpaka wako wa Mombasa na Kwale: kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi hapiti mtu. Mwambie kwa mzaha, lakini lishike.

Marehemu mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini alirudi na sanduku la spana. Siku ya nne akaung'oa mlango wa chumbani, ambao haukuwa na ubaya wowote, ukakaa umeegemezwa ukutani wiki mbili nasi tumetundika kanga. Nikamkabidhi maji. Kwa shida ya maji ya Mombasa hiyo si kazi ndogo: mitungi mingapi imebaki, mkokoteni unapita lini, nani anauza ya chumvi akasema matamu. Alibishana na wauza maji mpaka mwisho wa uhai wake, na mlango ukarudi mahali pake.

Watoto hukuwataja sana, nami sitarefusha. Shule zimefungwa, masomo ya redioni hayatoshi, na hesabu za asilimia na uzani hakuna wa kuwafunza kuliko mtu wa stoo. Awafunze sebuleni.

Sasa lile la usiku, uliloliandika kwa mstari mmoja ukidhani litanipita. Halikuanzia kwenye mbaazi. Umesema tangu mwezi wa nne, na mshahara wa kwanza kukosa kufika ni ule wa mwisho wa mwezi wa tatu. Hesabu mwenyewe. Mwanamume aliyerudi mikono mitupu huona haya hata kuunyoosha huo mkono. Usimwendee na maswali, na kitandani usiguse habari za hoteli, kama wameitwa au hawajaitwa. Fukiza udi wako kama ulivyofunzwa, vaa kanga nzuri, lala. Mchana mrudishie uanaume wake kwa lile daftari, usiku utafuata wenyewe. Usipofuata kwa mwezi mzima, basi akapimwe presha na sukari, kwani si kila kitu ni moyo.

Umesema hakupigi, nami nakuamini. Lakini mwezi huu nimeletewa barua nyingine nzito kuliko yako, na wenyewe nawaambia: haya ya kahawa na daftari si yenu. Pigeni 1195, namba ya Kenya ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure, mchana na usiku.

Nawe, mwanangu, jiandae. Siku ya kwanza akishika daftari atakuja kukwambia kwamba iliki unayotia ni nyingi. Mwache aandike. Iliki usipunguze.