Sungura akijinyoosha chini, mtazame pua kwanza

Siku ya kwanza sungura wangu Pamba kujiangusha mbele yangu nilipiga ukemi mpaka jirani akaja mbio. Alikuwa yuala majani yake pale mlangoni, mara nasikia pu! ameanguka ubavu, miguu huko, jicho latazama juu, nikamshika nikamtikisa, maskini akakurupuka akaingia chini ya kitanda na akapiga guu chini kwa nguvu. Kumbe mwenyewe alikuwa yuastarehe. Sungura ni mnyama wa kuwindwa, mwewe amtaka, paka amtaka, kwa hiyo akijiachia vile mbele yako jua amekuamini sana.

Lakini shida ya huku kwetu Mombasa ni joto, na sungura akizidiwa na joto pia hujinyoosha vilevile. Februari moja stima zilipotea mchana, feni ikasimama, mie natoka Kongowea namkuta amelala kwa taili amejinyoosha wote, nikasema mwanangu yuapumzika, nikaenda zangu jikoni. Niliporudi ndio nikaona ile pua. Sungura aliyetulia pua yake hupunguza kuchezacheza, saa nyingine husimama kabisa, macho nusu, masikio yamelegea mgongoni. Ya Pamba ilikuwa yaenda mbio na imelowa, mbavu zapanda zashuka, na masikio kuyagusa ni moto. Sungura hatoki jasho kama sisi, joto lake lingi latokea masikioni, na ikipita nyuzi 30 hivi huanza kuteseka, na Februari na Machi huku zapita karibu kila siku jamani. Nikamlowesha masikio kwa maji ya mtungini, nikamwekea chupa ya maji ya barafu nimeizungushia taulo, huku nampigia daktari wa mifugo. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi hata kidogo, ule mshtuko waweza kumuua.

Masikio nayo yasikuchanganye. Yakilala huku mwili umelegea ni raha, yakibanwa nyuma huku mwili umekazana na macho yamemtoka huo ni woga au hasira. Pamba huwa hivyo kunguru wakitua kwa kibaraza, na kunguru wa Mombasa mwawajua, basi nikaweka pazia.

Akikaa amekunja miguu chini ya tumbo kama boflo, yuko sawa. Ukimpapasa paji la uso akasaga meno polepole, kitu ambacho utakihisi kwa mkono zaidi kuliko kukisikia, hapo amefurahi. Ila akisaga kwa sauti huku amejikunyata kwa kona ni maumivu, na kama hajala wala hajanya kwa nusu siku usingoje asubuhi, mpeleke, matumbo ya sungura yakisimama hufa haraka.

Na hizi video za kumgeuza sungura chali ati "amelala" naomba tuziache. Mtoto wa binamu yangu alimfanyia Pamba vile, akatulia kimya kama mtoto mchanga na sote tukacheka, nami nikacheka, na hadi leo yaniuma kwa sababu ile si raha, ni kuganda kwa woga, mnyama ajifanya maiti kwa kuwa adhani ameshakamatwa. Na akirusha teke ghafla akiwa mikononi aweza kujivunja uti wa mgongo.

Ukitaka atulie kweli kaa chini sakafuni, usimjie kutoka juu kama mwewe, wala usimpelekee mkono puani moja kwa moja maana mbele kabisa ya pua hapaoni vizuri, mpitie ubavuni. Mie hukaa baada ya isha na simu yangu, simshiki simwiti. Ilichukua kama wiki tatu, kisha usiku mmoja akaja mwenyewe akaweka kidevu juu ya mguu wangu, na ile pua ikasimama.