Dubu Wangu Aliacha Kufanana na Mbwa Nilipomshusha Kisigino

Kwa miezi kadhaa, kila dubu niliyemchora alitokea mbwa mnene. Nilinoa penseli, nikachora manyoya unywele kwa unywele, akabaki mbwa yuleyule, safari hii mwenye manyoya mengi. Kumbe kosa lilikuwa miguuni.

Mbwa hutembea kwa vidole. Ile kona iliyo nyuma ya mguu wake, juu kabisa ya ardhi, ndiyo kisigino. Dubu hukanyaga kwa unyayo mzima wa mguu wa nyuma, kisigino chini, kama sisi. Vua viatu, kunja magoti kidogo, utazame mguu wako kwa upande: mguu wa dubu umeshauona nusu yake. Leonardo da Vinci aliuchunguza mguu wa dubu hadi mifupa na kano, akauchora, na sasa naelewa kwa nini aliona inafaa kujisumbua. Siku niliyoshusha kisigino, mnyama wangu alipata uzito papo hapo.

Kwa hiyo tangulia na mstari wa ardhi. Juu yake weka, kwa mkono mwepesi, yai kubwa la kifua, yai la kiuno na duara la kichwa. Kisha amua unachora dubu yupi, maana hawafanani. Dubu wa kahawia ana nundu ya misuli mabegani, na uso wake kwa upande umebonyea kati ya paji na pua. Dubu mweusi wa Amerika Kaskazini hana nundu hiyo, na uso wake umenyooka zaidi. Dubu wa barafu ana shingo ndefu na masikio madogo.

Macho yafanye madogo kuliko unavyotamani. Yakikua tu, umechora mwanasesere. Kucha ni tano kila mguu, na hazijifichi kama za paka, basi zionekane.

Manyoya yaje mwisho kabisa. Mimi huyachora pale mwili unapopinda tu: mabegani, tumboni, chini ya kidevu. Kwingine napaka kivuli kwa ubavu wa penseli laini.

Ukiwa na nusu saa, usiimalizie kwa dubu mmoja. Chora kumi wanaotembea, bila macho wala manyoya, na kila mmoja umkague kisigino kabla ya kwenda kwa mwingine.