Hiace inachemsha kwenye foleni, ikitembea inapoa
Ndugu, kama inachemsha kwenye foleni tu na ukifika spidi 80 mshale wa joto unashuka, anza na feni, achana kwanza na gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku). Ukisimama hakuna upepo wa mwendo. Feni ndiyo inayopoza rejeta peke yake. Zima injini ikiwa ya moto, subiri feni isimame kabisa, izungushe kwa mkono: ikizunguka kiulaini bila kukaza, klachi yake (kifaa kinachoiunganisha na injini, siyo klachi ya gia) imevuja mafuta ya silikoni. Badilisha. Angalia pia kava la plastiki linaloizunguka. Likikosekana, feni inavuta hewa ya pembeni. Tafadhali usikubali fundi aitoe themostati (vali inayodhibiti maji ya kupoza injini)! Gasketi ishuku maji yakipungua bila kuvuja popote, au mpira wa juu wa rejeta ukikaza mara tu baada ya kuwasha injini ya baridi.