Mti wa mwisho ndio ulioungua

Chule, ugonjwa wa kuvu, ilikuwa imeshanilia maua ya miembe yangu misimu miwili. Vidoa vyeusi kwenye vikonyo, maua yananyauka, vitunda vya ukubwa wa punje ya mahindi vinapukutika. Dawa niliyoizoea haikufua dafu tena, maana kuvu akipigwa dawa ileile kila msimu humzoea mpigaji. Nikageukia mafuta ya mchaichai. Nikayamimina kwenye bomba la mgongoni, nikajaza maji, nikaanza kazi.

Mafuta yakaelea. Bomba huvuta kutoka chini, kwa hiyo miembe ya mwanzo iliogeshwa maji matupu na wa mwisho ukabeba mafuta karibu yote. Siku ya tatu majani machanga yalikuwa yamejikunja, kingo zimekauka rangi ya kahawia.

Sitrali, kemikali iliyomo kwenye mafuta ya mchaichai, na eujenoli iliyomo kwenye ya karafuu huharibu utando wa seli za kuvu. Ubaya ni kwamba jani nalo lina seli zenye utando. Siku hizi natikisa mafuta na sabuni ya maji kwenye chupa ndogo mpaka yawe meupe kama maziwa, ndipo nayatia bombani, na natikisa tena njiani. Nilianzia mililita 1 ya mafuta kwa lita 1 ya maji, kwenye tawi moja tu, nikasubiri siku kadhaa. Nanyunyiza jioni, jua limepoa na nyuki wameondoka mauani.

Kitunguu saumu usikichemshe (nilichemsha, nikaambulia harufu tu). Alisini, kemikali yake inayopiga kuvu, haimo kwenye punje nzima. Hutokea ukiiponda, na moto huiharibu. Ponda, acha kama dakika 10, loweka kwenye maji ya baridi, chuja kwa kitambaa mara mbili nozeli isizibe, tumia siku hiyohiyo.

Mwarobaini unasifiwa kwa kemikali yake ya azadiraktini, lakini hiyo ni kiboko ya wadudu zaidi. Kwa ubwiri unga, kuvu anayefunika majani na maua kwa unga mweupe, nategemea mafuta yake yenyewe, yanayolifunika jani. Ukiwa umepiga salfa, ngoja wiki mbili. Salfa na mafuta vikikutana huunguza.

Dawa hizi zote ni za kinga zaidi. Doa lililokwisha kuota haliponi, na dawa yenyewe haikai: hupotea hewani, jua huivunja, mvua huiosha. Mimi huanza maua yanapochomoza, hurudia kila wiki, na mvua ikinyesha naanza upya. Ni kazi, sifichi. Ndiyo maana kwanza napogoa upepo upite ndani ya mti, na natoa matunda makavu yaliyong'ang'ania matawini, kwani ndiyo ghala la vijidudu vya chule. Mrututu, dawa ya shaba, sijautupa, ila nauhifadhi kwa majuma ya mvua mfululizo, kwa sababu shaba yake hubaki udongoni.

Ule mwembe niliupogoa, ukachipua. Tawi lake la chini ndilo ninalojaribia kila mchanganyiko mpya.