Hotpoti, kabati na chupa ya kastadi: ninavyoharakisha kulaza juisi ya vepu hapa Mtwara

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Kusini ikakatika kule Kilwa, mimi nilikuwa Mbagala kwa shemeji yangu na begi la nguo za siku mbili. Huku nyumbani Mtwara, ndani ya kabati, nyuma ya mashuka, nilikuwa nimeacha chupa ya juisi ya vepu (sigara ya kielektroniki) yenye ladha ya kastadi, niliyokwisha kuikatia tamaa. Niliichanganya siku kumi kabla ya safari, nikaionja usiku uleule, ikanipa ladha ya spiriti na karatasi. Niliporudi ilikuwa imetimiza wiki tatu na ushei. Nikaitia kwenye tangi la vepu kwa kukosa nyingine, nikakaa barazani, nikavuta pafu moja. Ilikuwa kastadi kweli, na vanila yake na ule utamu wa maziwa unaobaki nyuma ya ulimi. Sikuwa nimeifanya chochote zaidi ya kutokuwepo.

Tangu siku ile nimekuwa natafuta namna ya kuzipata zile wiki tatu ndani ya siku mbili. Nimefanikiwa nusu. Nusu ya pili haipatikani, na nakuambia mapema usije ukaunguza chupa zako kuitafuta kama nilivyounguza zangu.

Neno moja kwanza. Mimi nilikuwa mvuta sigara wa miaka kumi na moja, nikahamia kwenye vepu, na juisi zinazoshushwa na mabasi kutoka Dar zikawa zinanila mfuko, ndiyo maana nachanganya mwenyewe. Kama huvuti kitu, funga ukurasa huu ukale pweza. Haya ni mazungumzo ya watu wazima ambao tayari wamo.

Juisi ni vitu vinne tu: gliserini ya mimea (chupa huandikwa VG), propilini glaikoli (PG), ladha, na nikotini kwa anayeitumia. Tunaposema juisi "imelala" tunakusanya mambo mawili yaliyo tofauti kabisa. La kwanza ni kuchanganyika. Gliserini ni nzito kama asali, ladha imeyeyushwa ndani ya PG iliyo nyepesi, na ukizikutanisha hazisalimiani haraka. La pili ni kuiva. Spiriti iliyomo kwenye baadhi ya ladha inatoka polepole, vanilini inaungana na PG kidogo kidogo, makali yanalainika, rangi inakolea. Kuchanganyika unaweza kukuharakisha sana. Kuiva kunakwenda kwa mwendo wake, na ukikusukuma unasogea hatua moja, basi.

Hapa ndipo watu wa Mtwara na Lindi tuna bahati ambayo hatuihesabu. Gliserini inalegea sana ikipata joto. Kwenye nyuzi 30 inatiririka kwa wepesi zaidi ya mara mbili ya vile inavyotiririka kwenye nyuzi 20, na ukiifikisha nyuzi 60 imekuwa nyepesi zaidi ya mara kumi. Maelekezo mengi ya kuchanganya juisi yameandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, ambao kabati lao ni friji ya bure. Wakikuambia matunda yalale wiki nzima, wanasema ya kwao. Juisi yangu ya embe au nanasi, nikiitikisa vizuri asubuhi, jioni inavutika, na kesho yake haina deni.

Joto hilohilo ndilo lililoniponza. Nilimwona mama akianika achari ya embe juu ya bati, jua la Novemba, siku tatu achari imekaa sawa. Nikasema kama ya mama inaiva hivi, yangu ina nini? Nikapanga chupa nne za plastiki nyeupe pembeni ya bakuli lake, nikotini imo ndani tayari. Siku ya pili zilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikajipongeza, maana nilikuwa nimesoma kwamba juisi iliyoiva hukolea rangi. Nikavuta, koo likawaka kama nimelamba pilipili kichaa. Nikotini haipendi vitu vitatu: mwanga, joto na hewa. Ikikutana navyo inabadilika rangi, inapoteza nguvu na kuwa kali kooni. Rangi ya vanila iliyoiva na rangi ya nikotini iliyoharibika zinafanana machoni, kwa hiyo usimwamini anayekuambia juisi imeiva kwa kuitazama tu. Chupa zote nne nilizitupa. Mama aliniuliza kama ile dawa yangu ya kikohozi imechacha, nikamwambia ndiyo.

Kutoka hapo nikaweka sheria moja ambayo sijaivunja tena: joto kwanza, nikotini mwisho.

Sasa njia yenyewe. Wengine wanatumia jiko la umeme la kupikia taratibu, ambalo kwangu halina maana kwa sababu umeme hukatika tukiwa katikati ya shughuli. Mimi natumia hotpoti, hii hii ya kuwekea wali. Inatunza joto saa nyingi bila luku. Nachukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemka, naongeza vikombe viwili vya maji ya mtungini. Hesabu yake inakuleta karibu nyuzi 50 bila kipimajoto. Ukitumbukiza kidole unahesabu mpaka tatu au nne kisha unakitoa mwenyewe bila kuambiwa. Chupa ziwe za kioo, za rangi ya kahawia kama unazo, zifungwe kizibo barabara, na maji yafike kwenye mabega ya chupa yasifunike kizibo. Nafunika hotpoti. Kila baada ya nusu saa natoa chupa, naitikisa dakika mbili kwa nguvu kama mtu anayegombana nayo, nairudisha. Saa tatu zinatosha. Baada ya hapo naziacha zipoe zenyewe hadi asubuhi.

Usitumie maji yanayochemka ukidhani utafupisha safari. Plastiki inalegea, kizibo kinapitisha mvuke, na zile harufu nyepesi za juu, za limau na za matunda, ndizo za kwanza kukimbia. Nilishatengeneza juisi ya limau ikatoka na ladha ya sabuni ya kufulia kwa sababu hiyo.

Asubuhi, juisi ikiwa baridi kabisa, ndipo natia nikotini. Mfano wa chupa ya mililita 100 ninayoitengeneza mara nyingi: gliserini mililita 70, ladha 12, PG 15, na nikotini mililita 3 ya ile ya nguvu ya miligramu 100 kwa mililita, imeyeyushwa kwenye PG. Inatoka juisi ya miligramu 3 kwa mililita. Ukipima kwa mizani ya sonara badala ya sirinji, kumbuka mililita moja ya gliserini ina uzito wa gramu 1.26, hivyo zile 70 ni gramu 88 na kidogo. Mizani ni bora, maana gliserini hugoma kutoka kwenye sirinji na kukuachia matone pembeni. Ukishatia nikotini, tikisa dakika mbili, funga, weka gizani. Haihitaji tena joto.

Glavu unavaa wakati wa nikotini, si hiari. Ile ya miligramu 100 ikikumwagikia inapita kwenye ngozi. Na kuhusu kuitunza, vitabu vinasema friza, lakini friza ya kwetu ndimo mama anamouzia ashkirimu, na watoto wa mtaa mzima wanaifungua wenyewe na kuacha shilingi mia juu ya kifuniko. Chupa ya sumu humo ndani haiwezekani hata kwa dakika moja. Yangu inakaa kwenye sanduku la bati lenye kufuli, chini ya kitanda, na nanunua chupa ndogo ndogo ziishe kabla hazijazeeka.

Kuna njia nyingine inayosifiwa sana, ya kuacha chupa wazi "ipumue" siku moja au mbili ili spiriti itoke. Labda Dodoma. Hapa pwani, Januari mvua zikiwa zimekolea na shuka halikauki kambani, gliserini iliyo wazi inafanya kazi moja tu, kunywa unyevu wa hewani. Nilijaribu usiku mmoja na nusu. Juisi ikawa nyepesi, ikaanza kupasuka pasuka kwenye koili (ule waya wa vepu unaopasha juisi moto) na kunirushia matone ya moto ulimini. Na asubuhi nilikuta msafara wa sisimizi umepanda meza, umezunguka mdomo wa chupa kama uko mnadani. Sasa kama naisikia spiriti, nafungua kizibo dakika kumi juisi ikiwa bado na uvuguvugu wa hotpoti, kabla ya nikotini, kisha nafunga. Inatosha.

Fundi simu wa mtaani kwetu ana kile kibeseni cha umeme cha kuoshea bodi za simu zilizoingia maji, kinachotetemesha maji kwa mawimbi ya sauti usiyoyasikia. Watengenezaji wa juisi duniani kote wanavipenda vibeseni hivyo. Nilimwomba, akacheka, akaniwekea chupa mbili dakika thelathini kwa bei ya soda. Kwa kuchanganya kilifanya kazi vizuri, hakuna ubishi. Lakini niliweka chupa ya tatu ya mchanganyiko uleule kwenye hotpoti siku hiyohiyo, nikabandika karatasi chini ya kila chupa, nikamwomba rafiki yangu aonje bila kujua ipi ni ipi. Hakuweza kuzitofautisha. Mimi mwenyewe sikuweza. Kibeseni kinapasha joto pia kikikaa muda mrefu, kwa hiyo sehemu ya sifa zake nadhani ni joto lilelile ninalolipata kwenye hotpoti.

Huyo rafiki, dereva wa bodaboda, ana yake. Anafunga chupa kwenye kitambaa, anaitia kwenye begi la mgongoni asubuhi, anashinda nayo barabarani. Ikirudi jioni imetikiswa kuliko mkono wowote ungeweza. Sina cha kumpinga. Ila asiitie chini ya siti, kwenye moto wa injini, na nikotini iwe bado haijaingia.

Kimashine cha betri cha kukorogea maziwa kinachanganya haraka kuliko vyote, dakika mbili tu, lakini kinajaza hewa mpaka juisi inakuwa nyeupe kama tui. Mapovu yanakwisha baada ya saa chache. Kikitumika kabla ya nikotini hakina neno.

Yuleyule bodaboda alinijia na wazo msimu wa korosho, na hapa lazima nisimame kidogo kwa sababu ni wazo litakalomjia kila mtu wa Kusini. Korosho ziko kila nyumba, zimebanguliwa, zimekaangwa, zinanukia. Kwa nini tusizisage, tukaziloweka kwenye PG ndani ya hotpoti, tukachuja, tukapata juisi ya korosho ambayo Dar hawana? Nikamwambia hapana, na nilimwambia kwa sauti. Karibu nusu ya korosho ni mafuta. Mafuta yakiingia tumboni ni chakula, yakiingia kwenye mapafu ni ugonjwa. Mwaka 2019 kule Marekani vijana walianza kuanguka kwa maradhi ya mapafu, na hadi Februari 2020 waliolazwa au kufariki walikuwa zaidi ya 2,800, kati yao 68 wakiwa wamefariki. Uchunguzi uliielekeza lawama kubwa kwenye asetati ya vitamini E, kitu cha mafuta kilichochanganywa zaidi kwenye vepu za bangi za magendo. Kwa hiyo hakuna korosho, hakuna tui la nazi, hakuna mafuta ya karafuu. Na zile arki za keki dukani uziache palepale, nyingine zina mafuta, nyingine zina sukari inayogeuka mkaa kwenye koili. Tumia ladha zilizotengenezwa kwa kazi hii, na kwenye kastadi na siagi tafuta zisizo na diasetili, kemikali ya harufu ya siagi iliyowaumiza mapafu wafanyakazi wa viwanda vya bisi.

Baada ya yote haya, ile kastadi ya Hidaya bado inanishinda. Nikiipitisha kwenye hotpoti, siku ya tatu inavutika, haina tena ladha ya karatasi. Siku ya kumi ni nzuri. Lakini ile ya wiki tatu ni kitu kingine, na sijapata joto wala mtikiso uliotoa kitu kama kile. Tumbaku nazo ni hivyohivyo, nyingine zinataka mwezi. Kwa hiyo nimeacha kushindana nazo. Ninachofanya ni kupika mbili kwa pamoja: ya embe ya kuvuta wiki hii, na ya kastadi ya kuweka nyuma ya mashuka. Kila chupa ina kipande cha plasta chenye tarehe na asilimia za ladha kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu utakapopata chupa iliyokaa sawa utataka kujua uliitia nini, na hutakumbuka.

Na usionje kila siku. Ulimi unazoea, unaanza kuongeza ladha ambayo haikupungua. Mimi naonja siku ya tatu, ya kumi, ya ishirini na moja, asubuhi kabla ya chai. Iliyopo kabatini leo ina siku kumi na nne.