Milioni mia tatu za mgongo wangu

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu wa Igoma na Kisesa, habari za siku.

Nimesoma yote mliyoandika kwenye grupu la ukoo wiki hii, mengine mkidhani sioni. Kwamba niligongwa na gari huku Houston, nikashitaki, nikalipwa milioni mia tatu, nikanyamaza nazo. Kaka mkubwa kashapiga hesabu ya Hiace ya Mwanza–Sengerema, maana daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa na mambo ya kungoja kivuko yamekwisha. Shangazi anauliza nyumba ya Kisesa inangoja nini kuezekwa. Haya nimeyazoea. Ila mpwa wangu, mtoto wa juzi tu aliyemaliza kidato cha nne, ameuliza kama ni kweli mtu akigongwa Marekani anatoka kimaisha, na watu wazima mkamwekea vikatuni vya kucheka. Hapo nikaona nijibu.

Sikiliza, mjomba. Fidia ilikuwa dola 30,000. Kwa dola moja kama shilingi 2,500, hiyo ni milioni 75. Hizo nyingine zimezaliana njiani, sijui zilipolala uwanja gani wa ndege.

Na kwa nini 30,000? Hakuna hakimu aliyekaa akapima maumivu yangu. Sheria ya Texas inamtaka mwenye gari awe na bima ya kumlipa anayemuumiza, kama ile ya kwetu tunayoita bima ndogo, na kiwango cha chini ni dola 30,000 kwa mtu mmoja na 60,000 kwa ajali nzima, hata mkiumia watano. Kijana aliyenigonga kwa nyuma alikuwa na kiwango hichohicho cha chini, hakuna senti ya ziada. Nikamwuliza wakili, si tumshitaki yeye mwenyewe alipe kinachopungua? Akacheka kwa upole. Huku Texas nyumba anayoishi mdaiwa haiguswi kwa deni la aina hiyo, na mshahara wake haukatwi. Utashinda, utapewa hukumu, utaiweka kwenye fremu.

Haya, toeni hesabu pamoja nami. Wakili theluthi moja, 10,000. Wakili wa ajali humlipi mwanzoni, yeye anakula kwenye fidia, na mambo yakifika mahakamani wengi wanapanda mpaka asilimia 40. Gharama za faili na kuomba rekodi za matibabu, 700. Hospitali je? Nililazwa usiku uleule, na sheria ya hapa inasema ukilazwa ndani ya saa 72 tangu ajali, hospitali ina haki ya kuishika fidia yako kabla wewe hujaiona. Bili ilikuwa 19,000. Wakili akabembelezana nao hadi 8,500. Kliniki ya mazoezi ya mgongo, iliyokubali kunitibu ikingoja kesi iishe, 3,800. Zikabaki 7,000. Serikali angalau haikati kodi kwenye fidia ya kuumia mwili, hilo nawashukuru. Milioni kumi na saba na nusu, ikaingia kwenye kodi ya nyumba niliyokuwa nimeilimbikiza na kwa Mkenya na Mkongo walionikopesha chakula. Ndiyo utajiri wenyewe.

Lakini namba nimezikubali. Kungoja ndiko kulikonimaliza.

Kazi yangu mnaipa jina zuri, mnasema "yuko hospitali". Nawanyanyua wazee kitandani, nawaogesha, nawabadilisha nepi. Mgongo ukikataa, kazi hiyo huna, na wakala aliyeniweka pale halipi asiyefika. Wakati huohuo wakili ananiambia nisikimbilie kumaliza, matibabu yafike mwisho kwanza, kwa sababu siku unaposaini karatasi ya kumaliza madai umefunga mlango. Mwezi unaofuata daktari akikuta pingili imesagika, hiyo ni yako. Anasema kweli. Mwenye nyumba naye anasema kweli, tarehe moja anataka hela yake. Kampuni ya bima inajua yote mawili na haina haraka. Walianza kwa kunitajia dola 4,000. Wiki ile mama alipolazwa, nikatuma laki nne, mmoja wenu akaandika "Marekani yote hiyo laki nne?" Laki nne ile ilikuwa ya Mkenya.

Hakimu sikumwona kwa macho. Kesi nyingi mno za namna hii zinaishia kwenye barua na simu, wakili na mtu wa bima wanavutana, na mahakama inabaki kama fimbo ya kutishiana. Yale mabango mliyoyaona kwenye picha zangu za barabarani, mwanasheria mwenye tai anatabasamu na mamilioni pembeni yake, hayo ndiyo yanawapa watu hadithi. Mamilioni yapo. Mara nyingi ni lori la kampuni yenye bima nene, na aliyelipwa hatembei tena, au waliolipwa ni wajane. Ukisikia mtu kapata milioni ya dola, uliza kwanza amebaki na viungo vingapi.

Kwa wale wenye watoto huku, au wanaojiandaa kuja, haya yashikeni. Mtu wa bima ya aliyekugonga atapiga simu kesho yake, sauti tamu kuliko ya mchumba. Usizungumze naye. Mama mmoja wa Musoma ninayesali naye aliulizwa anaendeleaje, akajibu kama tulivyolelewa: vizuri tu, namshukuru Mungu. Simu ilikuwa inarekodiwa. Baadaye alipodai bega, ile "vizuri" yake ikawekwa mezani. Nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huoni damu, kwa sababu ukikaa wiki mbili watasema umeumia jikoni kwako. Bila kufungua kesi ndani ya miaka miwili, Texas haikusikilizi tena. Ukionekana una makosa zaidi ya nusu hupati kitu, na ukiwa na robo ya kosa, wanakata robo. Ukikata bima ya gari lako utaletewa karatasi ya kukataa kile kipengele cha kukulipa wewe pale aliyekugonga hana bima au ana kidogo. Usiisaini hiyo, lipa dola za ziada kila mwezi ulalamike.

Hela ya kwanza usichukue. Lakini kama umechubuka tu kiwiko, chukua hela ya kwanza urudi kazini, usimtafutie wakili theluthi ya kitu kidogo. Na kama huna karatasi za kuishi, dai tu, kukosa viza hakufuti haki ya kulipwa ulipoumizwa. Nawajua walioogopa hata hivyo, wakapokea dola mia tano mkononi wakatoweka, na sina mdomo wa kuwacheka. Mimi mwenye karatasi nilikuwa natetemeka kila bahasha ilipoingia mlangoni.

Mpwa wangu, usije. Au njoo, lakini njoo na cheti cha uuguzi mkononi. Wenye cheti wanaandika kwenye faili, sisi wengine tunanyanyua. Ukisikia vyuo vya afya hapo mjini vinapokea maombi, niambie, ada ya mwaka wa kwanza nitabeba mimi. Shangazi, bati huenda mwezi wa sita. Kaka, Hiace hapana, na usimtume mama aniombe kwa niaba yako.

Halafu kuna jambo linaniudhi kuliko hizo milioni zenu za hewani. Binamu yetu aligongwa na Hiace pale Buzuruga mwaka jana, mguu ukavunjika, mpaka leo anachechemea na bodaboda yake imepaki. Nikauliza, mkaniambia yamekwisha: ndugu wa dereva walikuja nyumbani, wakalipa plasta, wakaacha laki sita, mkanywa soda. Dereva akatozwa faini. Sasa mnanipigia mimi hesabu ya fidia ya Texas wakati fidia yenu mmeiacha hapo Buzuruga! Faini ile ni ya Jamhuri, inaingia serikalini, haigusi mfuko wa aliyevunjika. Ile Hiace kwa sheria lazima iwe na bima ndogo, na kazi ya bima ndogo ni mtu kama binamu: matibabu, kipato alichopoteza, ulemavu uliobaki. Huko kwetu Tanzania madai ya kuumizwa yana miaka mitatu kabla hayajafa, kwa hiyo muda bado upo. Najua mtasema tutakuwa tumevunja undugu na wale watu. Dereva hatalipa yeye, italipa kampuni ya bima, na wao undugu na sisi hawana.

Jambo moja nataka kulijua kabla ya yote: siku ile ya soda, je, alisaini karatasi yoyote ya kusema hadai tena? Kama hakusaini, laki sita ile itahesabiwa lakini mlango uko wazi. Kama alisaini, itafuteni hiyo karatasi niisome kabla hamjaenda popote. Namba ya gari mnayo kwenye ripoti ya polisi, na kwa namba hiyo bima yake inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Arudi kwa daktari aandikiwe ulemavu uliobaki, kwa maandishi, si kwa mdomo. Risiti za dawa, hata za duka la mtaani, mkusanye zote. Kampuni ikiwazungusha, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria mahakama.

Leo jioni mnitumie picha ya PF3, ile fomu ya polisi aliyotibiwa nayo, na ya ripoti, zisiwe na kivuli cha simu. Barua ya madai nitaiandika mimi nikitoka zamu. Nyie mtaichapa mjini, mtaipeleka kwa mkono, na msiondoke pale mapokezi mpaka nakala yenu igongwe muhuri.